Umebadilisha kazi mwaka huu? Hivi ndo unapata P9 kutoka kwa mwajiri wako wa zamani

Haya karibuni sana, leo naongea na wewe ulietoka kazi moja ukaingia nyingine katikati ya mwaka hapa Kenya, na utatakiwa kufaili ritani za KRA, yaani kuiambia mamlaka ya ushuru ulipata ngapi na ulikatwa ushuru ngapi, kabla tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata ipite. Utahitaji P9 mbili, ya kazi uliyoanza nayo mwaka na ya hii mpya, na ile ya kwanza ndo husumbua watu.

P9 ni ile karatasi inayoonyesha mwezi baada ya mwezi ulilipwa pesa ngapi na PAYE, yaani ushuru wa mshahara, ikakatwa ngapi. Ni haki yako, si msaada unaomba, kwa hivyo usiogope kuiulizia hata kama mliachana vibaya na bosi.

Kama bado hujatoka, yaani uko kwenye notisi, fanya hivi leo leo: ingia ule mfumo wa mishahara wa kampuni, pakua peisilipu zako zote na P9 za miaka iliyopita, uzitume kwa imeili yako binafsi, sio ya kazi, kwa sababu siku unarudisha kompyuta na beji ile akaunti inafungwa na hapo unaanza kubembeleza. Pia waachie HR, yaani ofisi ya wafanyakazi, imeili yako na namba ya simu, maana P9 ya mwaka huu itatoka mwaka ukiisha na wewe hautakuwepo.

Umeshatoka? Sawa, andika imeili. Usipige simu peke yake, simu haiachi ushahidi. Tuma kwa HR na pia mhasibu anayeshughulikia mishahara, mara nyingi huyu wa pili ndo anaitoa kwa dakika chache. Andika hivi: “Habari za leo, mimi ni fulani, namba yangu ya kazi ilikuwa hii, PIN yangu ya KRA ni hii, nilifanya kazi kwenu hadi mwezi fulani, naomba mnitumie P9 yangu ya mwaka huo ili nifaili ritani.” Basi, hakuna maneno mengi. Anza kuiomba Januari au Februari, ukingoja Juni utapata kila mtu anaitaka siku moja.

Ikifika usiiweke tu kando, ifungue uiangalie. PIN yako, ile namba yako ya ushuru, iko sawa? PIN ya mwajiri ipo? Ya kampuni huanza na herufi P. Halafu linganisha na peisilipu, hasa mwezi wa mwisho, maana hapo ndo huingia pesa za likizo ambazo hukuenda na ushuru wake unaonekana mkubwa kuliko kawaida.

Sasa wakinyamaza je? Andika tena, ukijibu ile ile imeili ya kwanza ili tarehe zionekane, au uende ofisini mwenyewe na nakala ya kitambulisho. Huku ukingoja ingia iTax, ile tovuti ya KRA ya kufaili, anza ritani yako uone kama mapato ya huyo mwajiri yameshajazwa yenyewe, kwa sababu mwajiri huwa anatuma PAYE ya kila mwezi kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Yakiwa hapo linganisha na peisilipu. Yakiwa hayapo na peisilipu zinaonyesha ulikatwa, nenda ofisi ya KRA na hizo peisilipu, hizo ndo ushahidi wako. Steitimenti ya benki pekee haitoshi, inaonyesha tu kilichobaki baada ya makato.

Na tafadhali usifaili nil, yaani ritani ya kusema hukupata pesa yoyote, ati kwa sababu P9 imekosekana. Ulilipwa mshahara, KRA inaona. Kuchelewa nako kuna faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa.

Ukishapata zote mbili, kila mwajiri anaingia kwa mstari wake na PIN yake, kwa mapato na kwa PAYE iliyokatwa. Hapa kuwa makini na ile nafuu ya ushuru, yaani kiasi unachopunguziwa kwenye ushuru wako, ya shilingi 2,400 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka haizidi 28,800. Tuseme ulitoka kazi ya kwanza tarehe 10 Machi ukaanza ya pili tarehe 16, waajiri wote wawili wanaweza kukupa nafuu ya huo Machi, sasa ukijumlisha P9 zako unapata 31,200. Hiyo 2,400 ya ziada si yako, weka 28,800, na mfumo ukikwambia unadaiwa kitu kidogo usishtuke, hujaibiwa, toa namba ya malipo ulipe kwa M-Pesa au benki kabla ya tarehe 30.

Tuma ritani, pakua ile risiti ya kuthibitisha umefaili, uiweke folda moja na P9 zote mbili pamoja na zile imeili.