Mpangaji hana deni, tarehe ndiyo imegeuka

FURAHA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu, tuko hapa Lubumbashi. Mimi ni Furaha, na pembeni yangu yuko yaya Mbuyu. Leo ni zile programu za kusimamia nyumba za kupangisha, unazoweka kwenye kompyuta ya nyumbani. Yaya, wenye parseli wengi, Katuba, Kampemba, bado wana daftari tu.

MBUYU: Na daftari si baya, dada. Lakini ukiwa na milango sita, wapangaji wanalipa nusu dola nusu faranga, na kiwango cha kubadilisha pesa hakitulii, daftari linakuchosha. Tena ugomvi mkubwa ni garanti, ile pesa ya dhamana mpangaji anayoweka akiingia. Sheria ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Sawa, lakini mtu akihama baada ya miaka mitano, nani anakumbuka alitoa ngapi? Ndiyo maana mimi nazipenda programu hizi. Zinamlinda mwenye nyumba na zinamlinda mpangaji.

FURAHA: Basi tuanze na kuiweka. Unabonyeza faili, inaenda, inaenda, halafu inakwama.

MBUYU: Mara nyingi inasubiri kitu kingine. Programu nyingi za zamani zinataka .NET Framework 3.5, kipande cha Windows ambacho bila hicho haziendi. Windows 10 na 11 zinakuja na toleo la 4. Hilo la 3.5 unaliwasha mwenyewe, na Windows inalitafuta kwenye intaneti. Mega za intaneti zikikuishia hapo katikati, unabaki na ujumbe wa kosa wenye namba ndefu. Nyingine zinaleta SQL Server Express, hifadhidata inayotunza data za programu, nayo ni nzito. Kwa hiyo pakua vyote kwanza, mahali penye intaneti nzuri, ndipo uanze. Na faili la kuweka programu libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague « Exécuter en tant qu'administrateur », yaani kuliendesha kama msimamizi.

FURAHA: Haya, imefunguka. Sasa kuna hili tunaloulizwa sana: programu inasema mpangaji ana deni, na mpangaji ana risiti mkononi.

MBUYU: Hapo tukae kidogo, maana hapo ndipo watu wanafukuzwa bure. Programu nyingi zimetengenezwa kwa kalenda ya Marekani, mwezi unatangulia siku. Sisi tunaandika siku kwanza. Mpangaji amelipa tarehe 5 Machi, umeandika 05/03. Programu inasoma tarehe 3 Mei. Ukifungua hesabu ya Machi, malipo hayapo. Anaonekana hajalipa.

FURAHA: Na aliyelipa tarehe 25?

MBUYU: Huyo ana bahati, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Programu inakataa na wewe unajua kuna shida. Hatari ni wale wa tarehe 1 mpaka 12, yaani wanaolipa mapema! Hao wanageuzwa kimya kimya.

FURAHA: Yaani mpangaji mwema ndiye anayeumia.

MBUYU: Ndiyo hivyo. Sasa ongeza sarafu. Windows ya Kifaransa inatenga senti kwa mkato, dola 150,50. Programu inayotaka nukta inaweza kudhani ule mkato ni wa maelfu, ikasoma 15050. Ukileta orodha yako kutoka Excel kwa faili la CSV, yaani jedwali lililoandikwa kama maandishi tu, ni mbaya zaidi: Excel yenye mpangilio wa Kifaransa inatenga safu kwa nukta-mkato, programu inatafuta mkato, kila kitu kinarundikana kwenye safu moja.

FURAHA: Dawa yake?

MBUYU: Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika intl.cpl. Amri hiyo haibadiliki hata kama kompyuta yako ni ya Kifaransa. Linganisha mpangilio wa tarehe na namba unaouona pale na ule ulio ndani ya programu. Halafu ingiza malipo mawili ya kujaribu, moja la tarehe 5 na moja la tarehe 25, moja liwe na senti. Yakitoka sawa kwenye ripoti, ndipo uingize wapangaji wote.

FURAHA: Kuna wanaosema kila asubuhi kompyuta inarudi mwaka wa nyuma.

MBUYU: Hiyo ni betri ndogo ya kwenye bodi kuu, ndani ya kompyuta, kwa kompyuta za mezani kwa kawaida CR2032, ya volti 3. Umeme ukikatika, yenyewe ndiyo inaishikilia saa. Ikiisha, tarehe inapotea, leseni inakataa, na risiti zinatoka na mwaka wa uongo. Badilisha betri kabla hujamlaumu aliyetengeneza programu.

FURAHA: Na umeme ukikatika programu ikiwa wazi?

MBUYU: Ukiwasha ikakuambia haioni hifadhidata, usiifute! Watu wanafuta na kuweka upya, wanapoteza kila kitu. Shika tena Windows na R, andika services.msc, tafuta SQL Server, angalia kama inafanya kazi. Kama imesimama, bonyeza uianzishe. Pengine ni hilo tu.

FURAHA: Wengine wanafungua kwa akaunti ya mtoto, wanakuta wapangaji hawapo.

MBUYU: Programu za zamani zikitaka kuandika ndani ya Program Files, Windows inazihamishia kwenye folda ya VirtualStore ya kila mtumiaji. Data ipo, ila iko kwenye akaunti yako wewe. Rudi kwako utaikuta. Na nakala ya akiba ifanye kwa kitufe cha programu yenyewe, maana faili la SQL likiwa kazini halinakiliki hovyo. Weka kwenye flashi, na flashi isikae nyumba moja na kompyuta.

FURAHA: Kila lini?

MBUYU: Siku ile ya kukusanya kodi, ukishaingiza malipo ya mwisho. Na chapisha risiti, mpe mpangaji, mwezi uandike kwa herufi.