Mashine ya kusafisha hewa haiwaki? Kabla hujaitupa, fungua kifuniko cha nyuma

Haya jamani, hamjambo. Leo naingia moja kwa moja, maana tangu ile video niliyoonyesha chumba cha mwanangu swali ni lile lile. "Dada, na mimi ninayo mashine ya hewa, imegoma kuwaka, nifanyeje?" Limekuja kwenye maoni, limekuja kwenye meseji, jana nimeamka nimekuta mengine manne.

Na najua kabla sijamaliza kuna atakayeandika, "huyu naye anaringa, sisi hewa tunavuta ya bure." Ndugu yangu, siringi. Mwanangu ana pumu. Huku ughaibuni miezi mingi madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, sakafu ni zulia mpaka ukutani, vumbi halina pa kutokea. Mashine ikizimika usiku, alfajiri nasikia kifua chake kinavyopiga filimbi. Na wewe utakayesema nalalamika, kama pagumu nirudi, na wewe nakusikia. Nimeulizwa, ndiyo maana najibu.

Mambo ya soketi siwafundishi. Chomeka chaji ya simu hapo hapo. Ikiingiza chaji, soketi ni nzima. Naongeza hili tu: kama plagi yako ni ile ya Uingereza, yenye pini tatu za bapa, ndani yake kuna fyuzi ndogo. Wengi hawajui kwamba ipo. Ikikatika, mashine inakuwa kama imekufa kabisa wakati yenyewe haina tatizo lolote.

Sasa niwaambie yaliyonikuta. Nilibadilisha filta, lile chujio la vumbi, usiku, nikarudisha kifuniko, nikabonyeza. Kimya. Hakuna taa, hakuna mlio. Nikabonyeza nikashikilia. Kimya vile vile. Nikasema sawa, waranti ninayo, nitawaandikia.

Jamani, hiyo waranti. Risiti ilikuwa na jina la rafiki yangu, kwa sababu alininunulia kwa kadi yake. Mimi kadi sikuwa nayo kwa sababu akaunti ya benki sikuwa nayo, na akaunti sikuwa nayo kwa sababu karatasi zangu za makazi zilikuwa hazijatoka. Pesa nilimrudishia mkononi yote. Wakataka barua ya rafiki, nikaleta. Wakataka nakala ya kitambulisho chake, akanipa kwa shingo upande, na simlaumu. Wakataka picha ya namba iliyo chini ya mashine, nikapiga. Wakataka uthibitisho wa anwani, nikatuma bili, wakasema bili ina zaidi ya miezi mitatu. Wiki tatu za barua pepe, na wiki tatu hizo mwanangu analala bila mashine. Mwisho wake wakaniambia filta niliyoweka si ya kampuni yao, hivyo waranti haipo tena. Niliumia, nisiwafiche. Kulipa hatucheleweshwi hata siku moja, ila kusikilizwa ndiyo mpaka ulete karatasi ya tano.

Nikaigeuza mwenyewe. Sogea karibu na kamera, uone. Ukitoa kifuniko cha nyuma, hapa ukingoni kuna tundu jembamba, linaingia ncha ya kalamu tu. Ndani yake kuna swichi. Halafu kwenye kifuniko chenyewe kuna huu ulimi wa plastiki, angalia, mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ukifunga sawasawa, ulimi unaingia unabonyeza swichi. Sikiliza. Tik. Bila hiyo tik umeme haupiti. Imewekwa hivyo makusudi, ili mtu asiingize mkono feni ikizunguka.

Filta yangu mpya ilikuwa nene kidogo kuliko ya zamani. Kwa macho kifuniko kimefunga, lakini ulimi haukufika. Nikaichomoa, nikarudisha ile ya zamani, nikafunga, tik, taa ikawaka. Kwa hiyo nikiri: mashine haikuwa mbovu, filta ndiyo haikuwa yake. Lakini katika barua zote zile hakuna hata mtu mmoja aliyeniandikia, "Mama, hebu angalia kama kifuniko kimefika mwisho." Sentensi moja tu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kwa hiyo anza hapo. Angalia kama ulimi haujavunjika. Angalia filta mpya usije ukawa umeiweka na mfuko wake wa plastiki, inatokea sana. Ila usiibane hiyo swichi kwa selotepu ili iwake bila kifuniko, nakuomba, hasa penye watoto.

Kama taa inaonekana lakini vitufe havisikii, tafuta alama ya kufuli. Ni ya kuzuia watoto. Kwenye mashine nyingi unashikilia kitufe chake sekunde chache tu.

Na kama yako inatumia adapta ya pembeni, kile kiboksi cheusi kwenye waya, mara nyingi kinachokufa ni hicho. Ukitafuta kingine, volti ziwe zile zile zilizoandikwa, ampia zisipungue, na mpangilio wa chanya na hasi ufanane.

Sasa ninyi mliotumiwa mashine na ndugu aliye Marekani. Soma kibandiko cha chini kabla hujachomeka. Kama kimeandikwa 100–240V, huna shida. Kama ni 120V peke yake na umeme wako ni 230, usichomeke. Kile kiunganishi cha plagi kinabadilisha umbo la pini tu, volti hakizipunguzi hata kidogo. Kama umeshachomeka ukasikia paa! na harufu ya kuungua, mara nyingi ni fyuzi ya kwenye saketi ndani, pamoja na kile kidude cha duara kinachozuia umeme mkubwa. Hapo mpelekee fundi wa elektroniki. Usifungue mwenyewe kama hujui, maana kapasita za ndani, vile vidude vinavyotunza umeme, zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa. Na fundi akitaka kuunganisha fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, chukua mashine yako uondoke. Fyuzi iliyokatika imekatika kwa sababu, na iwekwe ya ampia zile zile.

Haya ni yaliyonifaa mimi, na mashine yangu, nyumbani kwangu. Yako inaweza kuwa na lake. Mimi si fundi, kijitabu chake kisome kwanza, na kama waranti bado iko hai, usiguse skrubu hata moja.

Dada uliyeandika jana usiku kwamba yako imezima baada ya kuiosha: kwanza niambie uliosha nini. Kama ni filta ya HEPA, ile ya karatasi yenye mikunjo, hiyo haioshwi, tafuta nyingine. Kama ni kifuniko, kikauke kabisa, ukirudishe taratibu, uweke sikio karibu. Halafu niandikie hapo chini: tik umeisikia, au hujaisikia?