Nani Alizichora Mbegu za Ai Weiwei?

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wasanii na wanafunzi wa sanaa za ufundi,

Walionisikia siku za nyuma wanajua nitaanzia wapi, kwa hiyo radhi nawaomba wao peke yao: nitaanzia kwenye mbegu za alizeti, na huenda nikakawia hapo kuliko alivyopanga mwenyekiti wetu.

Mwezi Oktoba 2010, sakafu ya ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, London, ilifunikwa kwa mbegu za alizeti zipatazo milioni 100, kazi ya msanii wa Kichina Ai Weiwei. Kila mbegu ilikuwa kipande cha kauri kilichotolewa kwenye kalibu, kikachomwa tanurini na kuchorwa michirizi yake kwa brashi, na waliofanya hivyo ni mafundi wapatao 1,600 wa mji wa Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, kwa muda wa miaka miwili na nusu hivi. Watazamaji waliruhusiwa kuzikanyaga, lakini baada ya siku chache ruhusa hiyo iliondolewa kwa kuhofia madhara ya vumbi la kauri. Magazeti yakaandika juu ya vumbi. Yakaandika juu ya Mao Zedong, kiongozi wa China ya kikomunisti, ambaye katika mabango ya enzi yake alikuwa jua na wananchi wakawa alizeti zinazomgeukia. Na msanii alipokamatwa na serikali ya China Aprili 2011 na kuzuiliwa siku 81, yakaandika juu ya kizuizi. Yote hayo yana uzito wake. Ninachouliza, na nitakiuliza hadi mnichoke, ni hiki: nani humu ukumbini awezaye kunitajia jina la mchoraji mmoja tu kati ya wale 1,600?

Msinijibu kwamba wazo ndilo sanaa na fundi ni fundi tu. Mji wa Jingdezhen ulitengeneza kauri za makasri ya wafalme wa China kwa karne nyingi, na padri Mjesuiti wa Kifaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliandika mwaka 1712 kwamba chombo kimoja kilisemekana kupita katika mikono ya watu 70 kabla ya kukamilika. Sisi wa pwani hii tungepaswa kuwa wa mwisho kuudharau ufundi huo, kwani wazee wetu walipachika bakuli za Kichina kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi, na sijamsikia mtu akisimama pale na kumsifu aliyeagiza bakuli kuliko aliyezifinyanga. Ai mwenyewe aliipeleka kazi hiyo Jingdezhen akijua anachokifuata. Weka mbegu za plastiki kutoka kiwandani mahali pa zile za kauri, na hoja yake yote inaporomoka, maana nguvu ya kazi ile ni kwamba ukiinama na kuokota, unakuta lundo lililoonekana la kufanana halina mbegu mbili zilizo sawasawa.

Mtasema walilipwa, na kwamba filamu fupi iliyoambatana na maonyesho iliwaonyesha wakiwa kazini. Ni kweli, na filamu naifahamu. Lakini Februari 2011, kilo 100 za mbegu hizo zilipouzwa katika mnada wa Sotheby's, London, kwa zaidi ya pauni 349,000, jina lililopandisha bei lilikuwa moja. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha, kwa sababu ni Ai huyuhuyu ambaye, baada ya tetemeko la ardhi la Sichuan la Mei 2008, aliongoza watu wa kujitolea kutafuta jina la kila mwanafunzi aliyefukiwa na shule zilizojengwa ovyo, wakapata majina zaidi ya 5,000. Na nondo zilizopindika za shule hizo akawapa mafundi wazinyooshe kwa nyundo, moja baada ya nyingine. Mtu anayejua uzito wa jina kiasi hicho hana udhuru, na sisi tunaohadhiri juu yake tuna udhuru mdogo zaidi.

Xu Bing, msanii mwingine wa Kichina, anatusumbua kwa namna nyingine. Kati ya mwaka 1987 na 1991 alitengeneza kazi iitwayo Kitabu kutoka Angani, akichonga mwenyewe katika mbao herufi za Kichina zipatazo 4,000, ambazo alizibuni zote na ambazo hakuna Mchina awezaye kuzisoma. Nilikusudia kukaa naye, lakini naona saa inainuliwa pale mbele.

Basi kwa haraka. Msanii Do Ho Suh wa Korea Kusini aliishona upya nyumba ya wazazi wake ya Seoul kwa hariri, kwa vipimo vyake kamili, mwaka 1999, na hasiti kueleza kwamba ushonaji ule aliupata kwa wanawake wazee waliobobea katika mavazi ya jadi. Mchoraji Shahzia Sikander, aliyesoma Lahore, Pakistan, katika Chuo cha Taifa cha Sanaa, alimaliza mwaka 1990 picha ndogondogo za mtindo wa kale zilizounganishwa katika karatasi moja yenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu, na akiulizwa alijifunza wapi, humtaja mwalimu wake, Bashir Ahmad, kwa jina. Wachoraji wengine wa Lahore nawaacha. Wanaotaka kumtetea Ai, na nawaona mmekwisha kuinua mikono, nipo.