Mwambie Daktari Unachokunywa

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua tiba asili na tiba mbadala, na kwa kuwa mimi ni mfamasia, wapo waliokuja wakitegemea niwakataze miti shamba. Sikuja kwa hilo. Dawa mseto ya malaria tunayowapa kila siku asili yake ni pakanga, mmea uliotumiwa na Wachina kwa karne nyingi. Profesa Tu Youyou, aliyekipata kiini chake, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Vinkristini tunayowatibia watoto wenye saratani ya damu ilitoka kwenye ua la Madagaska, lile la rangi ya waridi ambalo wengi mmelipanda mlangoni. Lakini viini hivyo vilipimwa, dozi ikajulikana, madhara yakaandikwa. Hakuna anayemtafunisha mtoto mgonjwa ua la mlangoni.

Mnakumbuka Loliondo. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia huko, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Shilingi 500 kikombe kimoja, dawa ya mti wa mugariga, kwa kisukari, pumu, saratani na UKIMWI. Foleni ya magari ilikwenda kilomita kwa kilomita, na wapo waliofia humo kabla hawajafika. Siwacheki waliokwenda. Mtu anayeuguza hutafuta. Ila kunywa kikombe ni jambo moja, na kuacha dozi ni jambo jingine. Walioendelea na ARV zao walirudi nyumbani wakaendelea na maisha. Wapo walioziacha wakiamini wamepona, virusi vikaamka, na wengine tuliwazika. Hapo ndipo pa kuangalia kwanza: hii ninayopewa, naambiwa niache kitu gani?

Kwenye saratani jambo hili ni kali zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha taarifa za wagonjwa 281 ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa, nao wakachagua tiba mbadala peke yake. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya waliotibiwa hospitali. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara tano. Mama zangu, uvimbe kwenye titi haungoji umalize chupa tatu za mizizi.

Sasa hiyo chupa yenyewe. Nawaomba sana muiogope chupa inayofanya kazi haraka mno. Dawa nyingi za nguvu za kiume zinazouzwa kama mizizi mitupu, zikipimwa maabara, hukutwa zimechanganywa na sildenafili, kiini kile kile cha Viagra. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayeweka kidonge cha nitrati chini ya ulimi akinywa na hiyo, presha inaweza kushuka ghafla asiamke. Na dawa za viungo ni vivyo hivyo. Bibi hawezi kuinuka, anapewa unga, siku ya pili anatembea, mtaa mzima unashangilia. Baada ya miezi mashavu yamejaa, sukari imepanda, ngozi inachubuka kwa kuguswa tu. Hizo ni dalili za steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe na maumivu, na unga wa namna hiyo umeshakutwa nazo sehemu nyingi duniani. Tena ukishazizoea, kuziacha kwa mkupuo ni hatari. Njoo nazo hospitali zipunguzwe taratibu.

Kwa hiyo muulizeni anayewauzia: umesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Dawa yenyewe je? Sheria ipo tangu 2002, na mganga wa kweli haoni haya kuonyesha cheti. Anayetibu kila kitu kwa chupa moja, mwacheni aende zake.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni ukimya. Mama anakuja dirishani kuchukua metformini na glibenklamidi, vidonge vyake vya kisukari. Namuuliza, kuna dawa nyingine unatumia? Hapana, mwanangu. Kumbe kila asubuhi anakunywa uwatu na mlonge, navyo vinashusha sukari. Vikikutana na vidonge vyangu, anatetemeka, jasho jembamba, anaanguka jikoni, nyumbani wanasema amerogwa. Kwa nini hakusema? Kwa sababu safari iliyopita alisema akafokewa. Hapo lawama ni yetu wahudumu, na nimewaambia wenzangu waziwazi: ukimfokea mgonjwa leo, kesho atakuficha. Nanyi mkifokewa, semeni tena. Leteni na chupa yenyewe, hata kama haina lebo.

Mzee pale mbele ameuliza kuhusu kuumika, yaani kuchanjwa na kuvutwa damu kwa vikombe. Mzee wangu, mimi sijaona ushahidi kwamba kunatibu presha wala kisukari, ingawa wapo wanaopata nafuu ya mgongo kwa muda. Ukiamua kwenda, wembe ufunguliwe mbele ya macho yako, na vikombe viwe vipya au vimechemshwa, maana homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu kidogo sana. Kama unatumia warfarini, au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, usichanjwe kabisa kabla ya kuzungumza na daktari wako. Na vidonge vya presha unameza siku hiyo hiyo kama kawaida.