Kabla ya Kutangaza Pengo la Utafiti: Mhadhara kuhusu Mapitio ya Mawanda

Wahadhiri wenzangu na wanafunzi wetu wa uzamili na uzamifu, asanteni kwa kufika. Hatua tano za kufanya mapitio ya mawanda (scoping review), yaani kukusanya tafiti zilizopo kuhusu mada fulani na kuonyesha zimegusa nini, ambazo Arksey na O'Malley walizipendekeza mwaka 2005, pamoja na ile ya sita ya kushauriana na wadau waliyoiacha iwe ya hiari, mmezisoma, kwa hiyo sitazirudia. Nimekuja na lalamiko langu la siku zote, na naona wanaonifahamu wameshaanza kutabasamu.

Lalamiko lenyewe ni sentensi hii: "Hakuna utafiti uliofanywa kuhusu suala hili nchini Kenya." Nikiikuta katika mapitio ya mawanda, hufunua kwanza kiambatisho cha utafutaji. Aghalabu hukuta humo kanzidata moja, PubMed, msamiati wa utafutaji usiozidi mstari mmoja, na sharti kwamba makala ziwe za miaka kumi iliyopita, bila sababu yoyote kutolewa. Tuseme mtu anakusanya tafiti kuhusu maji na usafi katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Akitafuta kwa jina hilo moja, zitampita makala zinazozungumzia makazi yasiyo rasmi, na huenda zikampita hata zile za Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ambako APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, kimefuatilia kaya kwa miaka mingi. Halafu kuna tasnifu. Zimejaa katika hazina za kidijitali za Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Kenyatta, lakini hazimo PubMed. African Journals Online nayo, tovuti yenye majarida ya bara letu, haikufunguliwa. Pengo linalotangazwa hapo ni la mtafutaji mwenyewe.

Najua kuna atakayesema kwamba tasnifu hazijapita mikononi mwa wahakiki wa majarida. Zimetahiniwa, na zaidi ya hayo, mapitio ya mawanda kwa kawaida hayapimi ubora wa kila utafiti, bali huonyesha ni nini kimechunguzwa, wapi na kwa mbinu gani. Kwa sababu hiyohiyo hamna ruhusa ya kuhitimisha kwamba mradi fulani unafaa, jambo ambalo bado nalisoma katika rasimu nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia.

Mwingine atasema muda hautoshi. Basi apunguze swali, kwa kutumia mambo matatu yanayoshauriwa na JBI, taasisi inayotoa miongozo ya mapitio ya tafiti, yaani walengwa, dhana na muktadha: badala ya maji na usafi barani Afrika, achukue vyoo vya shule za msingi za kaunti moja, kisha atafute kila mahali.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo niharakishe. Itifaki, yaani mpango wa mapitio, isajiliwe mapema kwenye OSF, jukwaa la watafiti la mtandaoni, kwa kuwa PROSPERO, rejista ya mapitio ya kimfumo, haipokei mapitio ya mawanda. Vichwa vya makala na ikisiri zake vichujwe na watu wawili, kila mmoja peke yake. Orodha ya PRISMA-ScR ya 2018, ya mambo ya kuripoti katika mapitio ya mawanda, yenye vipengele 20 vya msingi na 2 vya hiari, isijazwe usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Kuhusu ile hatua ya sita ya kushauriana na wadau nilikuwa na mengi, ila itoshe kusema kwamba Levac na wenzake walipendekeza mwaka 2010 hatua hiyo iwe ya lazima, nami nakubaliana nao: waulizeni wahudumu wa afya ya jamii kule Mukuru ni ripoti zipi ziliandikwa kuhusu mtaa wao zisichapishwe popote, na ni nani aliyebaki na nakala.

Karibuni kwa maswali.