Kutu Huondoka, Ufa Hauondoki: Kuchagua na Kufufua Zana za Mkono za Mtumba

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Msimu wa mauzo ya gereji umeanza hapa Ohio, na kuanzia sasa hadi majani yatakapopukutika, kila mwisho wa juma tutaona vibao kwenye kona za mitaa vikituelekeza kwenye nyumba ambazo wenyewe wametandaza vyombo, nguo na vifaa mbele ya gereji. Leo mimi na fundi Salim tutazungumzia zana za mkono za useremala peke yake. Fundi, mtu amekuta mezani randa ya chuma iliyojaa kutu, na mwenye mali anataka dola 10. Aangalie nini kabla ya kutoa fedha?

SALIM: Ahsante, dada Rehema. Kutu ndiyo inayotutisha kwanza, lakini kutu ya juu huondoka, ilhali ufa hauondoki. Mwili wa randa hizi ni wa chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini hakina unyumbufu, kwa hiyo randa ikianguka kwenye sakafu ya saruji hupasuka, hasa karibu na mdomo, yaani ule upenyo mwembamba ambamo kisu hutokeza, au kwenye kuta za pembeni. Aipindue, aielekeze kwenye mwanga, kisha apitishe ukucha polepole kandokando ya mdomo mpaka pembe zote nne. Akikuta ufa, airudishe mezani kwa heshima, kwa kuwa kuchomelea chuma cha kusubu ni kazi ya mtaalamu, na hata mtaalamu huweza kukipasua tena kinapopoa.

REHEMA: Na ikiwa mwili ni mzima lakini kuna skrubu au nati iliyopotea?

SALIM: Hapo inategemea ni randa ya nani. Nyingi tunazozikuta Marekani ni za Stanley, kampuni ya New Britain, Connecticut, ambayo mwaka 1869 ilinunua hataza za Leonard Bailey na kuendeleza muundo wake. Skrubu za Stanley zina hesi za vipimo vyake yenyewe ambavyo havipatikani katika duka la kawaida la vifaa, na nati ya shaba inayopandisha na kushusha kisu hufungwa kinyume na nati tulizozizoea. Kwa hiyo kipande kimoja kidogo kikikosekana, utalazimika kununua randa nyingine mbovu ili uivue vipuri. Mimi huzungusha kila nati na kulegeza kila skrubu pale pale mezani, baada ya kuomba ruhusa.

REHEMA: Umri wake unaujuaje? Wasikilizaji wengi wanadhani kila iliyochakaa ni ya kale.

SALIM: Kifungue kile kiti kinachobeba kisu, ufute vumbi nyuma yake. Ukikuta tarehe tatu za hataza zimeandikwa katika chuma chenyewe, ya mwisho ikiwa ya Aprili 1910, basi una randa iliyotengenezwa kati ya 1910 na 1918 hivi, na hiyo ni bidhaa njema sana. Ukikuta nati ya kurekebisha kisu ni ya mpira mgumu badala ya shaba, hiyo ni ya miaka ya Vita Kuu ya Pili, wakati shaba ilipokuwa adimu. Usiidharau, maana miili ya randa za vita ilisubiwa minene, na wako mafundi wanaozitafuta kwa sababu hiyo. Vishikio navyo husema mengi: zile za kabla ya vita zina vishikio vya mbao nyekundu ya Brazili, mti wa jenasi moja na mpingo wetu, na ukiisugua kidogo kwa msasa utaona ung'avu ambao mchongaji yeyote wa Mtwara angeutambua mara moja.

REHEMA: Naomba tuseme neno kuhusu bei. Mara nyingi anayeuza ni mjane au watoto wa fundi aliyefariki, na hawajui kilichomo ndani ya sanduku.

SALIM: Nashukuru umeligusa. Mimi huuliza kwanza zana zilikuwa za nani na alikuwa akifanya kazi gani, kwa sababu jibu hilo hunisaidia kujua zimetumikaje, na pia kwa sababu mtu aliyefiwa hupenda kuulizwa. Nikiona kitu kina thamani kubwa kuliko bei iliyobandikwa, humwambia mwenyewe. Randa mpya iliyotengenezwa kwa umakini, kama zile za Lie-Nielsen kutoka Maine, huuzwa kwa zaidi ya dola 300, kwa hiyo hata nikilipa mara tatu ya bei aliyoiweka, bado nimepata neema, na yeye hatajutia biashara yetu.

REHEMA: Sasa imefika nyumbani, na hapa mimi ndiye ninayeshughulika. Kwanza vitu vyote vya mbao na shaba vitolewe, vipigwe picha jinsi vilivyokaa, viwekwe kando. Kwa vipande vidogo natumia siki nyeupe ya dukani yenye asidi ya asilimia 5: unavizamisha usiku mmoja, asubuhi unasugua kwa brashi ya waya, kisha unavitia katika maji ya magadi ili kuiua asidi, unavikausha hapo hapo na kuvipaka mafuta, kwa maana chuma kilichotoka katika siki kikiachwa na unyevu hushika kutu mpya huku ukikitazama. Usivisahau humo kwa siku nyingi, kwani kutu ikiisha siki huanza kukila chuma chenyewe.

SALIM: Na kwa mwili mzima wa randa?

REHEMA: Kwa huo natumia umeme. Ndoo ya plastiki, maji, kijiko kikubwa kimoja cha magadi ya kufulia kwa kila lita 4, kipande cha chuma chakavu, na chaja ya betri ya gari ya volti 12, ya mtindo wa zamani, kwa sababu nyingi za kisasa hukataa kuwaka zisipoona betri. Wenzetu wa Kenya wanayo magadi ya ziwa lenye jina hilo hilo, nayo hufaa. Waya hasi hufungwa kwenye zana, waya chanya kwenye chuma chakavu, na viwili hivyo visigusane. Ukikosea nyaya, zana ndiyo itakayoliwa. Mapovu yanayopanda ni haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche, kwa hiyo kazi ifanyike nje, na chaja izimwe kabla ya kugusa chochote ndani ya ndoo. Chuma chakavu kisiwe cha stenlesi hata kidogo, kwani kromiamu iliyomo huingia katika maji na kuyageuza sumu. Baada ya saa kadhaa kutu imekuwa tope jeusi linaloondoka kwa brashi ya sahani.

SALIM: Halafu unaipaka rangi mpya, jambo ambalo mimi na wewe hatujakubaliana hadi leo.

REHEMA: Napaka pale ambapo rangi nyeusi ya kiwandani imekwisha, kwa sababu chuma kilicho uchi katika gereji yenye unyevu kitarudia hali ile ile. Ila rangi ya zamani ya ziada, iliyopakwa na wenye zana, siikwaruzi ikiwa kavu, kwani Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi majumbani mwaka 1978 tu, na vumbi lake ni hatari kwa watoto.

SALIM: Kwa usalama nakubaliana nawe kabisa. Hoja yangu ni kwamba nguvu nyingi tunazozimalizia kwenye kung'arisha zingekwenda kwenye kisu. Randa yenye madoa ambayo kisu chake kimenolewa inafanya kazi, lakini iliyong'aa yenye kisu butu ni pambo. Kisu kina upande wa mshazari na upande bapa, na watu hunoa ule wa mshazari tu. Mimi huanza na upande bapa: nachora mistari ya wino sentimita 2 kutoka makalini, nabandika msasa juu ya kioo kinene, nasugua mara chache, kisha natazama. Pale wino uliposalia ndipo penye bonde, na nitaendelea mpaka wino uondoke wote karibu na makali. Baadaye ndipo nanoa mshazari kwa nyuzi 25. Kinoo cha umeme kitumike kwa tahadhari, kwa sababu makali yakigeuka buluu ugumu wa chuma umekwisha mahali hapo, na itabidi ukate mpaka uivuke sehemu hiyo. Kisu kikiwa tayari, jaribu kwenye ubao laini wa msonobari: maranda yatoke marefu, membamba, yakijikunja bila kukatika.

REHEMA: Wasikilizaji wetu wa Uingereza, ambako watu huuza vitu viwanjani nyuma ya magari yao, huniuliza zana za ziada wazipeleke wapi. Lipo shirika la Tools for Self Reliance, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likikusanya zana zilizotumika, kuzikarabati na kuzipeleka kwa mafundi wa Afrika, wakiwemo wa Tanzania.

SALIM: Ila zipelekwe zikiwa na makali. Fundi wa Morogoro hana sababu ya kupokea kutu ya mtu mwingine.

REHEMA: Kweli kabisa. Kabla hatujaondoka, zihifadhiwe vipi wakati wa baridi?

SALIM: Zisikae kwenye sakafu ya gereji. Siku ya joto la ghafla mwezi Machi, hewa yenye unyevu hugusa chuma kilichopoa usiku kucha na kukilowesha. Zipakwe nta ya samani, ziwekwe rafuni ndani ya nyumba, na randa ilazwe kisu kikiwa kimerudishwa ndani.

REHEMA: Kipindi kijacho tutachukua misumeno ya Disston, kiwanda kilichoanza Philadelphia mwaka 1840, na fundi Salim ataeleza jinsi ya kupiga tupa meno ya kupasulia na ya kukatia. Mwenye msumeno kama huo na aulete kwenye mwanga, asome maandishi ya ile sarafu ya shaba iliyo kwenye mpini, atuandikie yanasema nini.