Ulaini Peke Yake Hautoshi: Kompyuta, Unyayo na Kiatu cha Mgonjwa wa Kisukari

Shikamooni wazee wangu, na habari zenu mafundi viatu na wauguzi. Mmeniita hapa Mwanza nieleze kompyuta inahusikaje na unyayo wa mgonjwa wa kisukari. Umeme ukikatika tutaendelea kwa mdomo.

Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa ya fahamu huharibika na miguu hupata ganzi. Mtu anashuka ngazi za mawe kule Igogo, msumari unamchoma, yeye anaendelea na safari yake. Lakini vidonda vingi havingojei msumari. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma India na baadaye Carville, Louisiana, kule Marekani, alionyesha kwamba mguu wenye ganzi huumizwa na hatua za kawaida tu, zinazokandamiza mahali palepale maelfu ya mara. Sisi wenye kuhisi, panapouma tunahamishia uzito kwingine bila hata kujijua. Mwenye ganzi hahamishi.

Mahali hapo mara nyingi ni chini ya vichwa vya mifupa, pale vidole vinapoanzia. Kwanza huota sugu. Tukiweka vihisio, yaani vipimio vyembamba, ndani ya kiatu tunasoma mgandamizo kwa kilopaskali, kipimo cha mgandamizo, na miongozo ya kimataifa inataka kiatu cha mtu aliyewahi kupata kidonda chini ya unyayo kishushe kilele cha mgandamizo, yaani pale unapozidi kabisa, kwa angalau asilimia 30, au kilele hicho kiwe chini ya kilopaskali 200. Hiyo 200 ni karibu sawa na kilo mbili kukalia sentimita moja ya mraba.

Sasa, kihisio husoma juu ya ngozi tu. Nyama inayobanwa kati ya mfupa na soli inaweza kuwa imeanza kupondeka ndani wakati nje unaona sugu isiyomsumbua mtu. Ndiyo maana tunatengeneza mguu ndani ya kompyuta. Tunachukua picha za CT au MRI, zile za hospitali zinazoonyesha ndani ya mwili, tunachora mifupa, kano na nyama, kisha tunagawa vyote vipande vidogo vidogo, na kompyuta inakokotoa kila kipande kinavyobanwa na jirani zake. Vipande hivyo ni kama macho ya wavu, na ninyi watu wa ziwani mtanielewa haraka: kwa wavu wa sangara hupati dagaa. Chini ya mfupa wa dole gumba tunatumia macho madogo kabisa. Kwingine makubwa yanatosha, maana wavu ukiwa mdogo kila mahali kompyuta italala na hesabu hiyo.

Mwaka 2005 Jason Cheung na Ming Zhang wa Hong Kong walijaribu soli za ndani kwenye mguu wa kompyuta wa namna hiyo, tunaouita modeli. Waliona kwamba umbo la soli linalofuata unyayo lilipunguza kilele cha mgandamizo zaidi kuliko ulaini wake. Nawaomba mafundi mlisikilize hilo, kwa sababu mgonjwa akija kwenu jambo la kwanza mnamwekea sponji. Sponji nyepesi hulala chini ya mfupa, ikishalala mfupa unagonga soli ngumu kama mwanzo. Soli iliyochongwa kufuata tao la mguu huchukua sehemu ya uzito, na mfupa unapumua.

Lakini modeli ile ilitokana na mguu wa mtu mmoja mwenye afya. Nyama ya unyayo wa mgonjwa wa kisukari huwa ngumu zaidi, na ukiingiza ugumu usio wake, kompyuta itakupa jibu la kupendeza lisilo la mgonjwa huyo. Tena modeli nyingi humsimamisha mtu wima, ilhali wetu wanashuka vilima, mguu ukisukumwa mbele ndani ya kiatu na ngozi ikivutwa. Mimi siamini modeli isiyolinganishwa na kipimo cha kiatu halisi.

Mzee pale nyuma ameuliza kuhusu katambuga. Kwa mguu wenye ganzi siipendi, kwa kuwa iko wazi na mikanda yake hukwaruza. Ila ugumu wa tairi wenyewe si adui: soli ngumu iliyopinda juu kwa mbele huuviringisha mguu, na vidole havikunjwi sana. Ndani ya kiatu weka soli iliyochongwa, na kinundu, yaani kile kiinuko kidogo juu ya soli ya ndani, kikae nyuma kidogo ya vichwa vya mifupa, kamwe si chini yake. Kikisogea mbele kidogo tu, unaongeza mgandamizo palepale ulipotaka kuupunguza. Sogeeni mezani basi, nina soli tatu na kalamu ya kuwekea alama.